Usitaje Chumba

Elia alinipigia simu asubuhi nikiwa nagombana na fundi bomba, na kwa hasira niliyokuwa nayo nikapokea kwa kufoka: "Nini tena, wewe?" Siku nyingine Elia angenirudishia tusi palepale, maana tangu nimfahamu mtu huyu hajawahi kukosa la kusema. Safari hii akaniambia tu, kwa lafudhi yake ya Mbeya ambayo miaka yote ya Dar imeshindwa kuiondoa, "Kassim hatunaye, ndugu yangu. Amefariki alfajiri. Mazishi leo baada ya alasiri, Madale." Nikamwambia sawa. Nikakata simu, nikamalizia kumfokea fundi kuhusu koki zake za hovyo, ndipo nikaingia chooni, nikafunga mlango, nikalia kwa kwikwi hadi mke wangu akaja kugonga. Nilimwambia Kassim amekufa. Akasema, "Yule aliyekuokoa?" Nikamwambia ndiyo, yule aliyeniokoa. Hivyo ndivyo anavyojulikana kwangu, kwa wanangu, hata kwa majirani: yule aliyeniokoa. Ni kweli kabisa. Lakini si kweli yote, na nilipokuwa navaa kanzu ya msibani nilijua kwamba kipande kilichobaki kilikuwa baina yangu na mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo sasa amevishwa sanda.

Nilikotoka na wazazi wangu hawahusiki hapa. Naanzia koridoni, ghorofa ya kwanza ya hosteli ambayo chuo chetu kilikuwa kimeikodi uswahilini Mwananyamala, mie nimekaa juu ya begi langu kwa sababu jina langu halikuwamo kwa waliopata chumba. Watu walikuwa wananiruka kama kiroba cha mkaa. Akaja mtu mrefu, mwembamba, kajifunga kikoi, kashika sufuria ya mchele uliooshwa, akasimama mbele yangu. "Dogo, umekula?" Nikasema sijala. "Basi inuka, mwanaume huwa hakai koridoni kama mzigo wa mtu." Huyo ndiye Kassim, mwaka wa tatu, mtoto wa Kinondoni kwa kuzaliwa, aliyemjua kila mtu na kila mtu akamjua. Tangu siku hiyo nikawa mbebwa wake. Ndivyo tulivyokuwa tukiitana: mwenye kitanda alikuwa anambeba asiye na kitanda, wawili kwenye godoro moja la futi mbili na nusu, tunalala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni kwake na miguu yake puani kwangu. Chumba cha watu wanne tulilala wanane. Ilikuwa marufuku, na wote tulijua ni marufuku, na wote tulifanya.

Chumba kile nikifumba macho nakiona hadi leo. Kamba ya nguo imepita katikati kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa mlango, ndoo za maji zimepangwa chini ya vitanda, ukutani mafuta ya vichwa vya watu waliotutangulia yamechora duara jeusi juu ya kila mto. Chini ya kitanda cha Kassim, nyuma ya viatu, lilikuwapo jiko la umeme la sahani moja, nalo ni marufuku kuliko hata mie. Mguu mmoja wa jiko ulikuwa umekatika, Kassim akauwekea vizibo viwili vya soda. Tulipikia hapo wali na maharage, dagaa wa kukaanga, chai ya tangawizi, na umeme ukikatika maharage yameiva nusu, tunayala hivyohivyo nusu huku tunatukanana. Elia alibebwa kitanda cha pili. Siku ya kwanza alikula ugali wetu akasema kwao ugali kama ule wanapewa mbwa, nusura apigwe, na Kassim akacheka mpaka akapaliwa.

Na wakati sufuria ikiwa jikoni ndipo mawaidha yalipokuwa yanashuka. Kassim alikuwa hawezi kukoroga kitu bila kumfundisha mtu. "Nyie wageni nisikilizeni," anasema, mwiko hewani. "Chuo si darasa. Darasani hajawahi kufa mtu." Anakoroga. "Kwenye foleni ya maji usimpite mtu, hata kama kasinzia. Mnamjua yule wa ghorofa ya juu mwenye mshono mdomoni? Alipigwa ndoo. Ndoo ya maji, tena ya mwanafunzi mwenzake, anasomea ualimu." Anaonja chumvi. "Mlevi wa chumba cha mwisho akikutukania mama, wewe mwambie sawa braza, pita. Na huko nje mkisikia mtu anaitwa mwizi, msisimame pembeni mkatazama. Ama upotee kabisa, ama uingie na wewe upige. Anayesimama pembeni ndiye anayeulizwa, we nani, mbona hupigi, ni mwenzio?" Elia akamuuliza, "Kwa hiyo tupige mtu?" "Mie sijasema mpige. Nimesema msisimame pembeni. Si una miguu?" Kisha akanigeukia mie na kuninyooshea mwiko. "Na wewe mbebwa wangu. Msimamizi akija kukagua vyumba, chukua jiko, chukua pasi, pita tundu la uzio kule nyuma ya choo, kazunguke mtaani mpaka waondoke. Ukikamatwa, usitaje chumba. Wakufanyeje, usitaje chumba. Ukitaja, mie nimefukuzwa hosteli mwaka wa mwisho, wewe unalala nje, na hawa wote wamekwisha. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. "Rudia." Nikarudia kama mtoto wa madrasa: usitaje chumba.

Watu wakinisikia nikisema hosteli ile ilikuwa na ugomvi kila siku wanadhani natia chumvi. Sitii. Watu walichaniana mashati kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Ukitoka getini, kabla hujafika dukani kwa Mangi, kulikuwa na doa jeusi barabarani, lami imeungua, na mama muuza mihogo ya kukaanga alikuwa ameweka meza yake jirani kabisa na doa lile. Nilipomuuliza Kassim akanijibu bila kusimama, "Hapo walimchoma mtu. Alikuwa na redio." Mihogo tulinunua, na pilipili tukaomba iongezwe. Chini ya dirisha la chumba chetu, upande wa pili wa uzio, alikuwa anaishi bwana mmoja ambaye akishindwa karata anarudi kumpiga mkewe, na tulikuwa tunasikia kila kitu, kibao, kilio, sahani. Kassim alikuwa ametuambia ya nyumba za watu tusiyaingilie, eti huijui ngumi itaishia wapi. Lakini yeye mwenyewe siku moja aliacha wali jikoni, akapanda juu ya ndoo dirishani, akarusha nusu tofali likatua juu ya bati la yule bwana kwa kishindo, akapiga kelele, "We mzee! Mguse tena nije huko!" Akashuka, akafunika sufuria. Tukamtazama wote. "Nyie fanyeni ninayowaambia," akasema, "msifanye ninayofanya mie."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kassim alikuwa bombani, upande wa mbele, anafua. Mie nimechemsha chai, jiko bado la moto, mtu akapita koridoni anabisha milango, "Wanakuja! Wanakagua! Wamefika chumba cha kwanza!" Nikachomoa waya, nikalizungushia jiko shuka langu, pasi nikaitia chini ya kwapa, nikashuka ngazi za nyuma mbio, moto unanipenya tumboni kupitia shuka. Kovu lake ninalo. Nikapita tundu la uzio. Siku nyingine zote ukishapita pale unatembea taratibu kama mtu aliyetumwa, na hakuna anayekusemesha. Siku hiyo kulikuwa na mlinzi mpya, kijana mwenye bidii ya kazi, akaniona ninatoka tunduni, akapuliza filimbi na kunifuata. Yeye alitaka kumkamata mbebwa tu. Sasa hebu jitazame kwa macho ya mtu aliyekaa barazani kwake anakunywa uji: kijana hana shati, kakumbatia furushi, waya mweusi unaburuta nyuma yake, na mlinzi wa hosteli anamkimbiza kwa filimbi, "Mkamateni huyo! Mkamateni!" Mlinzi hakusema mwizi. Neno lenyewe lilitoka kwenye mdomo mwingine, sijui wa nani, na likishatoka halirudi; mlinzi mwenyewe akaogopa, akarudi getini.

Nilipigwa mtama mbele ya duka. Nikaanguka kifudifudi, pasi ikarukia huku, jiko likabingirika, na kabla sijapata pumzi teke la kwanza likaingia mbavuni. Nataka niseme hili vizuri, maana vijana wa siku hizi wanatazama video za mambo haya kwenye simu huku wanakula. Ukiwa chini huoni watu. Unaona viatu. Niliona kandambili, niliona raba, niliona mguu mtupu wenye kidonda. Mtu wa mnyororo wa baiskeli simjui sura hadi leo, namjua kwa mlio. Kila pigo lina sauti yake, lile la mbavuni linasikika ndani, na la mgongoni unalisikia kwanza kwa watu wanaoguna. Mama mmoja alikuwa anasema kwa uchungu wa kweli, "Watoto wa watu wanasoma kwa shida, we unawaibia! Shenzi!" Nilikuwa napigwa kwa niaba ya wanafunzi. Nikakohoa damu, jino likatoka nayo.

Kisha mtu mzima mmoja, mwenye kofia, akawatuliza wenzake, akachuchumaa karibu yangu. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama baba. "Kijana, hebu sema. Vitu hivi umevitoa wapi?" Nikasema hosteli. "Chumba gani? Taja tu chumba, tumwite mwenyewe, kama si mwizi atakujua." Mlango wa kutokea ulikuwa huo, wazi kabisa, na nilihitaji neno moja tu. Na mie, na damu mdomoni, mbavu zimevunjika, nilichokisikia kichwani ni mwiko wa Kassim umenyooshwa: wakufanyeje, usitaje chumba. Nikamuona akifungasha vitu vyake mwaka wa mwisho. Nikasema, "Sijui." Yule mtu mzima akanitazama kidogo, akasikitika, akainuka, akawaambia, "Hajui." Basi. Ilikuwa ruhusa. Mtu akapiga kelele, "Mangi, lete mafuta ya taa!" Nikamsikia Mangi akishusha mlango wa duka lake, na mtu mwingine akibiringisha tairi, na mlio wa tairi linalobiringishwa kuja kwako siwezi kumuelezea mtu.

Pigo lililofuata lilikuwa la ubao, mgongoni, na aliyelipiga alilipiga vibaya, bila ujuzi, kama mtu anayeua nyoka huku amefumba macho. Nikageuza shingo. Alikuwa Elia. Alikuwa anatoka kununua maandazi, mfuko bado umemning'inia mkononi, akakuta umati, akakumbuka aliyofundishwa: usisimame pembeni. Tulitazamana. Ubao ukamdondoka, maandazi yakamdondoka, akarudi nyuma kinyumenyume mpaka watu wakamfunika. Nikasema moyoni, na huyo naye kaniacha. Nikaanza kutamka shahada.

Kumbe alikwenda mbio kumwita Kassim. Nilisikia sauti ya Kassim kabla sijamuona, ile sauti ya Kinondoni inayotoka tumboni: "Mwachieni! Mwachieni huyo mwizi wangu! Vitu ni vyangu hivyo, nipisheni!" Akapenya, kikoi kimelowa, povu la sabuni hadi kwenye viwiko. Hakunitazama usoni. Watu wakamziba, we nani bwana, kama ni vyako toa ushahidi. "Jiko hilo mguu mmoja umekatika, nimeweka vizibo vya soda. Ligeuzeni." Wakaligeuza. Kizibo kimoja kilikuwa kimedondoka na kimoja kipo. "Mwenye mali huyu," mtu akasema, na nikausikia umati unalegea kidogo, maana hata pale kulikuwa na taratibu zake: mwenye mali akija, mwizi ni wake kwanza. Kama angesema ni rafiki yangu, au ni mwanafunzi, wangetuchoma wawili. Yeye alizaliwa mitaa ileile, alilijua hilo. Na walikuwa wanasubiri waone atafanya nini.

Akanipiga. Asije mtu akanidanganya kwamba aliigiza. Alinishika nywele za kisogoni, akaniinua, akanipiga ngumi ya taya nikaona nyota mchana, akanipiga ya tumbo, akanizaba huku na huku, anatukana matusi ambayo hata mlevi wa chumba cha mwisho hayajui. "Jiko langu! Nimelinunua kwa shida! Leo utanijua!" Watu wakawa wanashangilia, "Mpe! Mpe huyo!" Nilipoanguka akaniburuta kwa mkono, lami ikanichuna mgongo, umati nyuma yetu unakuja, tairi linabiringishwa nalo linakuja, na kila wanapotukaribia anageuka ananipiga tena, kwa nguvu zaidi, kusudi wao waridhike na wabaki nyuma. Angenipiga kwa huruma wangejua. Nilielewa hilo hata wakati ule, katikati ya maumivu. Tulifika getini hivyo. Akanisukumia ndani, akafunga geti kwa mgongo wake, akawaambia watu, "Nampeleka polisi mie mwenyewe, asanteni ndugu zangu." Asanteni! Wakasimamasimama, wakanung'unika, wakatawanyika kurudi kwenye uji wao.

Sasa kipande kile. Yule mlinzi mpya, uso umempauka kwa woga, alitufungulia kibanda chake tukaingia watatu. Nikakalishwa chini, nimeegemea ukuta. Nje kulikuwa kimya. Hakuna tena aliyekuwa anatutazama. Kassim alisimama mbele yangu anahema, na kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni, akaona alichokifanya na walichokifanya wao, na akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini hukunitaja?" Nikamwambia, kwa mdomo uliovimba, "Ulisema nisitaje chumba." Hapo ndipo aliponizaba kofi. Sikio la kushoto, mkono mzima, mkono wa mtu mrefu, zito kuliko yote ya barabarani. Kitu kikapasuka ndani ya sikio, na likawaka filimbi ambayo haikuzimika kwa wiki, kisha pakawa kimya upande huo hadi leo. "Kwa msimamizi!" akawa analia, "Nilisema usitaje kwa msimamizi! Si kwa watu wanaokuua! Mjinga! Mjinga wewe!" Kisha akakaa chini, akatapika katikati ya magoti yake. Mlinzi akatazama ukuta.

Alasiri ileile, nikiwa hospitali nashonwa, Kassim alikwenda kwa msimamizi akajitaja mwenyewe: chumba, jiko, mbebwa, vyote. Akafukuzwa hosteli kama alivyojua atafukuzwa. Tukahamia Tabata, chumba cha kupanga, mie na yeye na Elia, sakafu ya saruji na mkeka. Kwa wiki nyingi alinilisha uji kwa kijiko kwa sababu ya taya, akininyanyua kichwa, akinifuta kidevu. Elia alifua damu kwenye shuka langu bila kuombwa na hakuthubutu kunitazama mpaka nilipomwambia, "We, mpumbavu, ubao unapigaje vile?" Akaangua kilio na kucheka kwa pamoja. Tulisoma humo, tukafanya mitihani humo, tukafaulu. Ila Kassim hakutoa tena mawaidha. Alikoroga maharage kimya. Wageni wa mwaka uliofuata walimfuata hadi Tabata wakamuuliza, braza, wewe umeshamaliza, hebu tupe uzoefu, tuishije chuoni? Akawaambia, "Mie sijui kitu."

Daktari aliponiuliza sikio limefanywaje nilimwambia wananchi. Mama yangu alipouliza, wananchi. Kassim alikuwapo mara zote mbili, akainamisha kichwa. Hatukulisema jambo hilo mwaka ule wala miaka iliyofuata, harusi yake, harusi yangu, akika za watoto, sikukuu zote tulizokula pamoja. Sijui mara ngapi nimemchukia kwa kofi lile. Nilimpenda mtu yule kama ndugu, na kuna asubuhi nilikuwa naamka namchukia, kwa sababu ngumi zote za barabarani alinipigia mie, kwa ajili yangu, lakini lile la kibandani alilipiga kwa ajili yake.

Madale tulifika mapema, mie na Elia. Watu wengi, maturubai mawili, kilima kizima kimejaa magari. Jeneza likatolewa uani, likawekwa mbele ya wanaume kabla ya kuswaliwa, na kaka yake mkubwa, Bwana Hamadi, mzee wa mvi sasa, akasimama kusema yale yanayosemwa. "Ndugu zangu, mdogo wangu aliishi na watu. Kuishi na watu kuna kukosana. Kama yupo aliyekosewa na marehemu, tunamuombea amsamehe. Na mwenye neno lake asiogope, aseme." Watu wakaitika kwa pamoja, kama kawaida, "Tumemsamehe." Na mie sikuitika. Nilijikuta nimesimama. Elia akanivuta kanzu, "Kaa chini, unafanya nini?" Uwanja mzima ukanigeukia, yule aliyeokolewa na marehemu, wote wanaijua hadithi hiyo, wakangoja nimsifu.

"Shikamoo kaka," nikasema. "Mie kuna kofi moja."

Minong'ono ikapita. Mtu akaguna kwa hasira nyuma yangu. Bwana Hamadi hakushtuka. Alinijia taratibu, akazunguka upande wa sikio langu linalosikia, akainama. "La kwenye kibanda cha mlinzi?" Nikaitikia kwa kichwa. "Aliniambia juzi," akasema. "Akaniambia, usiposimama mwenyewe nikufuate ulipo. Alisema asishushwe kaburini kabla hujalisema."

Nikageukia jeneza, nikasema kwa sauti, hata wa nyuma kabisa wasikie, kwamba hilo moja nimemsamehe, na zile ngumi zote za barabarani Mungu amlipe kheri.